Tulipojaribu Kuchora Uchovu

Habari hii ilianza saa tisa za usiku, kwa maneno mabaya aliyoambiwa mama mjamzito. Alifika kujifungua katika kituo kimoja cha afya ambacho hatutakitaja, akiwa amefuatana na mama yake mzazi. Hakuwa na mpira wa kujifungulia wala pamba. Mkunga aliyekuwa zamu alimkemea mbele ya mama yake, akamwambia kwamba mtu mzima haji kuzaa mikono mitupu kama anayekwenda kutembea. Mtoto alizaliwa salama. Yule mama hakulalamika popote.

Aliyelia ni mkunga. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulimkuta kwenye benchi la nyuma, viatu amevua, kitenge amejifunika kichwani. Alikuwa amekesha usiku nane mfululizo kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa, na mchana alikuwa na mtoto mdogo na jiko la kuangalia. Alituambia, "Dada zangu, nikivaa lile gauni jeupe simjui tena mtu ninayekuwa." Miezi miwili baadaye aliomba likizo bila malipo. Wako waliosema ana kiburi, wako waliosema ni mvivu, na wako waliosema kuna jambo nyumbani kwake.

Sisi tunaoandika haya ni watu saba wa Dakawa: wauguzi watatu, wakulima wawili wa mpunga, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kijana mmoja wa kanisani mwenye simu nzuri na subira. Kwa miaka kadhaa tumekuwa na kikundi cha kutembelea wagonjwa. Baada ya habari ya mkunga yule tulijiuliza kama tunaweza kutengeneza filamu fupi, za dakika moja au moja na nusu, za kupelekeana kwa simu, zinazoeleza jinsi kazi inavyoweza kummaliza mtu mwema. Hatukutaka kumpiga picha mtu wa kweli. Nani atakaa mbele ya kamera aseme amechoka, na kesho yake ana bosi? Basi tukaamua kutumia katuni. Mtu wa kuchorwa hafukuzwi kazi.

Tulidhani kazi ngumu itakuwa kujifunza kuzifanya picha zitembee. La hasha! Hilo tulilijua kwa wiki mbili. Kilichotuchukua karibu mwaka mzima ni swali dogo tu: uchovu wa namna hii una sura gani?

Moto kichwani

Kijana wetu ndiye aliyeanza. Alijua kwamba Waingereza huuita uchovu huu kwa neno la kuungua, kama mshumaa ulioteketea, naye alikwisha kuona picha nyingi za watu wa ofisini wenye moto juu ya vichwa. Akachora muuguzi aliyevaa kofia, na mahali pa nywele miali ya moto inacheza. Ilikuwa picha nzuri kweli, nasi tulimpigia makofi.

Tukaipeleka chini ya mwembe ulio karibu na mashine ya kukoboa mpunga, ambako akina mama hukaa wakingoja zamu yao. Tuliwaonyesha kumi na wawili, mmoja mmoja, tukiuliza tu, "Unaona nini?" Wa kwanza alisema huyo nesi kichwa kinamuuma, apewe Panadol. Wengine wawili walisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mmoja aliinamisha sauti akasema amerogwa. Bibi mmoja aliuliza, kwa hasira ya kweli, kwa nini aliyekuwa anachora hakumwagia maji mtoto wa watu. Baba aliyekuwa akiendesha mashine akasema, "Huyo ana hasira tu, kama wale wa kule zahanati," kisha akagundua kwamba sisi ni wauguzi, akarudi haraka kwenye mashine yake.

Hakuna hata mmoja aliyesema kazi.

Wote tuliosomea uuguzi tulisimuliwa darasani habari ya bango la mbu. Mbu alichorwa mkubwa kama kuku ili aonekane vizuri, na wanakijiji wakajibu kwa adabu kwamba wanashukuru, lakini kwao mbu wa namna hiyo hawapo. Tulicheka sana siku ile darasani. Chini ya mwembe tulikumbuka kicheko kile.

Jambo lenyewe ni nini?

Kabla ya kuchora tena, ilibidi tukubaliane tunachora nini. Mwaka 1974, huko New York, daktari wa saikolojia aitwaye Herbert Freudenberger aliandika juu ya watu waliojitolea kufanya kazi katika zahanati ya bure, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Walianza na moyo wa moto, wakaishia bila nguvu na bila upole. Baada yake mwanamke mmoja wa California, Christina Maslach, alitengeneza pamoja na mwenzake maswali ya kupima hali hiyo, yaliyochapishwa mwaka 1981. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililieleza jambo hili katika orodha yake mpya ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini likasema wazi kwamba huu si ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa.

Dalili zilizotajwa ni tatu. Kwanza nguvu zimekwisha, na kulala usiku mmoja hakuzirudishi. Pili, moyo wa mtu unajitenga na kazi yake: anaanza kuwaona watu kama mizigo, anadharau, anajibu kwa mkato. Tatu, anajiona hafai tena, hata anapofanya vizuri.

Tazama hiyo ya pili, msomaji. Ndiyo iliyomfanya mkunga wetu aseme yale. Wengi wetu tunakubali kwamba mtu anaweza kuchoka mwili. Lakini mtu akichoka upole tunamwita mbaya.

Tulitafuta jina la Kiswahili ambalo akina mama wangelielewa bila maelezo. "Kuungua" lilikwisha kutuaibisha. Wakulima wetu wakasema "kuchakaa", lakini hilo ni la nguo. Mwalimu alitaka "uchovu sugu wa kazi", nalo ni sahihi, lakini linanuka karatasi za semina. Mwishowe tulichagua maneno ambayo wanawake wenyewe huyasema wakikaa jikoni: kazi imenimaliza.

Hapa sisi wauguzi tuliweka sharti moja, na tunaliweka hapa pia. Si kila uchovu ni wa kazi. Mama anayechoka kupita kiasi apimwe damu kwanza, maana upungufu wa damu ni jambo la kawaida mno kwetu sisi wanawake. Apimwe malaria, sukari, na ujauzito kama inawezekana upo. Na kama kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni isiyoondoka, halali au analala mno, hana hamu ya chochote, au anawaza kwamba afadhali afe, huyo asiambiwe apumzike tu. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, naye asiachwe peke yake. Tuliandika hayo mwishoni mwa kila filamu kwa herufi kubwa, na mmoja wetu huyasoma kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma.

Mtu aliyeinama

Picha ya pili ilikuwa ya mwanamke ameinamia meza, uso ndani ya mikono. Hapakuwa na moto. Tulidhani safari hii tumepata. Tukarudi kwenye mwembe ule ule. Majibu yalikuwa ya haraka: "Amesinzia kazini." "Hao ndio tunawakuta dirishani." "Mvivu."

Tulitembea kurudi nyumbani tumenyamaza. Mkunga wetu alikuwa nasi siku ile; alikuwa ameanza kuja kidogo kidogo. Alisema neno moja tu njiani: "Mmechora mimi, hamkuchora usiku nane."

Huo ndio ufunguo. Ukimchora mtu amechoka peke yake kwenye karatasi nyeupe, mtazamaji hana pengine pa kutafuta sababu isipokuwa ndani ya mtu huyo. Atasema mgonjwa, mvivu au amerogwa. Karatasi nyeupe imekwisha kumhukumu. Tangu siku hiyo tukawekeana sheria: tusimchore mchovu kabla ya kuichora kazi, tena kazi iwe kubwa kuliko yeye.

Tulivyotazama kazi za wengine

Hatukuwa wa kwanza kuhangaika na sura ya katuni katika nchi hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, lakini wanafunzi wake waliendelea na mtindo wake. Mwaka 2010 studio moja ya Nairobi ilitengeneza katuni za hadithi za wanyama, Tinga Tinga Tales, kwa sura iliyochukuliwa katika michoro hiyo, nazo zilionekana mbali hadi Uingereza. Na tangu mwaka 2014 watoto wetu wamejifunza hesabu kwa Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, kisha akaja Akili, yule mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Wajukuu wa mmoja wetu hawali bila Akili.

Tulijaribu Tingatinga kwa mwezi mzima. Tulijifunza kwao kuchora umbo moja kubwa linalojaza ubao, bila vivuli. Hilo tumelishika hadi leo. Lakini rangi zile zilitushinda. Kila kitu kilionekana kinacheka. Tulimchora muuguzi mchovu katikati ya maua na ndege wekundu, akawa kama yuko harusini. Hatusemi ni kosa la mtindo. Ni kosa letu tulioupa kazi isiyo yake. Na macho makubwa ya katuni za watoto yana shida kama hiyo. Yamekwisha kuahidi kwamba mambo yataisha vizuri kabla ya wimbo wa mwisho.

Msaada mwingine ulitoka hapa hapa nyumbani. Wengi hawajui kwamba jina la Dakawa linajulikana Afrika Kusini kwa sababu ya vitambaa. Chama cha ANC kilipewa ardhi hapa mwaka 1982 kwa ajili ya watu wake waliokimbia ubaguzi wa rangi, kama kilivyokuwa kimepewa Mazimbu kwa ajili ya shule. Katika makazi ya Dakawa palikuwa na karakana ya kufuma na kuchapa vitambaa. Wapigania uhuru waliporudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi hiyo ilihamishiwa Grahamstown, mji ambao sasa unaitwa Makhanda, na huko iliendelea kuitwa Dakawa. Mtu anayechapa kitambaa kwa wavu anahitaji wavu wake kwa kila rangi, kwa hiyo rangi anazihesabu kama mama anavyohesabu vipande vya nyama. Tukasema, na sisi tutakuwa na rangi nne tu.

Kisha mwalimu wetu akatuletea habari za Lotte Reiniger. Huyu alikuwa mwanamke wa Ujerumani aliyetengeneza filamu ndefu ya katuni mwaka 1926, miaka kumi na zaidi kabla ya ile filamu ndefu ya kwanza ya Walt Disney, kwa kukata maumbo ya watu katika karatasi nyeusi, kuyaunganisha kwenye viungo, kuyasogeza kidogo na kuyapiga picha, kuyasogeza tena na kupiga tena. Chombo chake kikuu kilikuwa mkasi. Tulitazamana. Mkasi tunao!

Ndege

Lakini kazi yenyewe tutaichoraje? Muuguzi ana makaratasi, vidonge, sindano, wagonjwa ishirini kwenye benchi. Tulichora foleni, tukachora saa ya ukutani, tukachora mafaili yanayopanda hadi dari. Mafaili yaliwachekesha waliowahi kufanya kazi ofisini. Wengine wote waliona karatasi.

Ni mmoja wa wakulima wetu aliyetutoa. Alikuwa amechelewa mkutanoni kwa sababu mpunga wake ulikuwa umeingia maziwa, na ndege walikuwa wamefika. Kwa asiyejua Dakawa, tuna mashamba ya umwagiliaji ya hekta zipatazo 2,000, yanayopata maji yake kwa pampu kutoka Mto Wami. Mpunga unapokaribia kukomaa huja kwelea kwelea, ndege wadogo kama shomoro, kwa makundi ya maelfu. Mmoja hula gramu kumi hivi za nafaka kwa siku. Zidisha mwenyewe. Mwanamke hupanda kwenye dungu kabla jua halijatoka, na kombeo, debe na sauti yake, na hukaa huko mpaka giza. Akiwafukuza upande huu wanatua upande ule. Akienda haja, wamekula. Hivyo kwa wiki kadhaa.

Alikaa, akanywa maji, akatusikiliza tukibishana juu ya mafaili. Halafu akasema, "Dada zangu, mbona mnajisumbua? Huko kwenu zahanati mnawinga ndege tu."

Tulinyamaza. Aliendelea: "Kulima kunachosha, lakini jioni unageuka unaona ulipolima. Ndege hana jioni. Siku nikishuka kwenye dungu, mtoto akiniita namjibu vibaya, na hajanikosea. Bado ninawaona wale ndege."

Dalili zote tatu zilikuwemo humo, na mama huyu hajawahi kusikia jina la Maslach.

Basi filamu yetu ya kwanza iliyofaa ilikuwa hivi. Karatasi ya manila ya rangi ya khaki ndiyo shamba. Ndege ni mbegu za papai zilizokaushwa, nyeusi, zenye mikunjo, ambazo zikisogezwa kidogo kidogo huonekana kama kundi linalogeuka angani. Mwanamke ni kipande cha kanga kilichokatwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, mikono na kichwa vimeshikwa kwa uzi. Anafukuza mbegu upande wa kushoto, zinarudi kulia. Baada ya nusu dakika karatasi inageuka kuwa nyeupe, yule yule mwanamke yuko wodini, na mbegu zile zile zinatua kwenye vitanda. Hakuna anayeeleza neno. Tulipoionyesha chini ya mwembe, mama wa pili alisema, "Masikini, hana wa kumpokea."

Hana wa kumpokea! Mama huyo hakuuliza kama ni mgonjwa wala kama amerogwa. Aliuliza habari ya zamu.

Mambo ya jikoni

Kwa wale watakaopenda kujaribu, tueleze kidogo tunavyofanya. Simu inalazwa juu ya vigoda viwili, kamera ikitazama chini kati yao, na karatasi iko sakafuni karibu na dirisha. Filamu za sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi huridhika na 12. Hata 12 ni picha 720 kwa dakika moja, na migongo yetu si ya wasichana. Tukashuka hadi 8, yaani 480 kwa dakika. Mwendo unakuwa wa kukatika-katika, lakini uchovu wenyewe ndivyo unavyotembea. Baadaye tuligundua jambo zuri zaidi: mbegu tunazisogeza katika kila picha, na mwanamke mara moja kwa picha tatu. Dunia inakimbia, yeye yuko nyuma. Mtazamaji haoni ujanja huo, ila husema, "Anaonekana mzito."

Rangi tulijifunza kwa jua. Michoro ya kalamu nyembamba iliyopendeza ndani ya nyumba ilipotea kabisa kwenye simu ndogo saa sita mchana. Sasa kila umbo lazima lionekane mtu akiwa amenyoosha mkono wake wote. Nyekundu pamoja na nyeusi kwenye nguo tuliziacha, kwani huku kwetu zikikutana na nyeupe mtu anafikiria mganga wa kienyeji. Gauni jeupe la muuguzi juu ya ukuta mweupe halionekani, hivyo ukuta wetu ni wa khaki, na tumeshaulizwa ni wodi gani hiyo isiyopakwa rangi. Tulijibu ni nyingi.

Uso hatuuchori. Hapa kwetu ni padogo. Ukiweka pua, watu wataitafuta ni ya nani. Tulijisifu sana kwa busara hiyo, mpaka tulipoonyesha filamu ya pili, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama mke wa mzee mmoja wa kanisa. Kumbe kile kipande cha kanga, chenye pindo la kijani na korosho katikati, kilitoka katika kanga ambayo mama huyo huivaa kila Alhamisi! Mmoja wetu alikikuta kwenye mfuko wa vitambaa chakavu bila kukumbuka. Mama wa watu aliondoka kabla ya chai. Tulikwenda kwake siku ya pili, watu watatu, na mkungu wa ndizi. Alitupokea, akatusikiliza, kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea: "Hamkukosea mtu. Mmekosea tu kuwaambia wote kwa pamoja." Tukalala na neno hilo. Tangu hapo kanga zetu tunazichora wenyewe kwa rangi, pindo na mji, bila jina lolote chini.

Muziki hatuweki. Tuna sauti ya debe likigongwa. Filamu inapofika wodini debe linaendelea kugongwa vile vile, ila kwa mbali.

Siku ya kuonyesha

Tulizionyesha filamu tatu kwa pamoja ukumbini, shuka limetundikwa ukutani, projekta ya kuazima, siku ambayo Uluguru ilionekana kwa mbali baada ya mvua. Walikuja wauguzi, walimu, akina mama wa mashambani, na mmoja wa wakubwa wa kazi wa mahali tusipopataja. Baada ya ile ya ndege aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasema, bila ukali, "Ni kweli. Lakini nitawatoa wapi watu?"

Hatukuwa na jibu, na hatujajifanya kuwa nalo. Filamu ya dakika moja na nusu haileti mkunga wa pili. Yaliyofuata ni madogo. Katika kituo kile zamu za usiku sasa hazizidi nne mfululizo, na mtu akiugua, siku zake hugawanywa kwa watatu badala ya kumwangukia mmoja. Pana kiti kimewekwa chumba cha nyuma, na robo saa ya chai ambayo hakuna anayeruhusiwa kumwita aliyeko humo isipokuwa kwa jambo la kufa na kupona. Wakati mwingine linatokea. Mashambani, wanawake watatu wenye majaruba yanayopakana wamepanga kupokezana dungu moja. Walituambia wamefanya hivyo kwa sababu ya ndege, si kwa sababu ya filamu. Sawa.

Kuna filamu moja ambayo bado inatushinda. Tunataka kuonyesha kupumzika, na kila tunachochora kinasomwa vibaya. Mwanamke amelala mchana: mgonjwa. Amekaa barazani: mvivu, au mwenye hausigeli. Anakunywa soda na wenzake: anapoteza fedha. Tulijaribu habari ya nabii Eliya chini ya mti, ambaye alipotamani kufa alipewa kwanza usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla ya kuambiwa aende popote. Wazee wa kanisa waliipenda. Lakini kijana mmoja alisema Eliya ni mwanamume, hakuwa na vyombo vya kuosha.

Mkunga wetu alirudi kazini mwezi wa nne. Jumamosi mchana, kama hayuko zamu, hupiga magoti sakafuni pamoja nasi na kusogeza mbegu. Wiki iliyopita alitoa wazo kwa filamu hii ya mwisho. Tusimchore mwanamke kabisa, alisema. Tuchore dungu, na mtu mwingine akipanda ngazi. Mkeka tumeukata jana katika ukindu, na ngazi tunaiunganisha kwa njiti za kiberiti. Bado hatujakubaliana kama ndege wawepo au la.